Kuchagua kamera na lenzi za kupiga picha za ndege: mwongozo kwa anayeanza

Mchukue shomoro. Toka mdomo hadi mkia ana sentimita 15 hivi. Akitua mita 10 mbele yako ukampiga kwa lenzi ya mm 600, sura yake kwenye sensa ya kamera inakuwa na urefu wa milimita 9. Kwa lenzi ya mm 300 inakuwa milimita 4 na nusu. Kwa ile lenzi ndogo ya mm 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi, haifiki hata milimita moja, na ukifungua picha nyumbani unakuta doa la kahawia katikati ya majani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: zidisha urefu wa ndege kwa urefu wa lenzi (ile namba ya mm), kisha gawanya kwa umbali.

Sasa mrudishe shomoro yuleyule hadi mita 20. Lenzi ya mm 600 inakupa milimita 4 na nusu, sawasawa na mm 300 kwa mita 10. Kwa maneno mengine, kupunguza umbali kwa nusu kunakupa kile ambacho ungepata kwa kununua lenzi yenye urefu maradufu. Ndiyo maana mimi huwaambia wanaoniuliza kwamba kifaa kizuri cha ndege ni kile utakachoweza kutembea nacho saa 3 bila kuchoka na kukiinua kwa kufumba na kufumbua, kwa kuwa hicho ndicho kitakachokufikisha karibu. Uzito ni sifa ya lenzi kama ulivyo ukali wa kioo chake. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa mtazamo huo.

Hatua ya 1: Jua ni ndege gani unawataka

Kabla hujagusa pesa, toka na darubini ya mikono miwili kwa wiki mbili tatu. Ya 8x42 inatosha sana: inakuza mara 8, na vioo vyake vya mbele vya milimita 42 vinaingiza mwanga wa kutosha hata alfajiri. Andika wale unaowaona na umbali wao. Utagundua mapema kama moyo wako uko kwa ndege wadogo wa vichakani, wa majini, au wawindaji wanaoelea juu.

Jibu hilo linabadilisha orodha ya manunuzi. Bata na yangeyange ni wakubwa na mara nyingi wako wazi, hivyo mm 400 inaweza kukutosha. Ndege wa msituni wako karibu lakini gizani, hapo unahitaji lenzi yenye uwazi mkubwa (tundu pana la kuingiza mwanga) na kamera inayovumilia ISO ya juu (ISO ni kiwango cha kamera kuongezea picha mwangaza). Mwewe na tai wako mbali, angani, mwanga tele. Hapo urefu wa lenzi na kasi ya fokasi ndiyo mambo. Mbayuwayu akiruka ni mtihani wa kila kitu kwa pamoja, usimfanye kipimo cha mwezi wa kwanza.

Hatua ya 2: Chagua lenzi kwanza, kamera baadaye

Watu wengi hufanya kinyume. Wananunua kamera ya gharama, kisha pesa inayobaki inatosha lenzi ya mm 70-300, halafu wanashangaa kwa nini picha hazifanani na walizoziona. Kama bajeti ni moja, sehemu kubwa iende kwenye lenzi. Kamera huzeeka baada ya miaka michache; lenzi nzuri unaweza kuihamisha kutoka kamera moja hadi nyingine kwa muda mrefu.

Anzia mm 400. Chini ya hapo utafurahia ndege wakubwa na waliozoea watu tu. Kati ya mm 500 na 600 ndipo penye raha, na ndipo kampuni zimeweka lenzi za zumu zinazowalenga watu wa kawaida. Sony ina FE 200-600mm f/5.6-6.3 ya mwaka 2019 (namba ya f inaonyesha uwazi wa lenzi; ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Nikon walileta Z 180-600mm f/5.6-6.3 mwaka 2023. Canon wana RF 100-500mm f/4.5-7.1 ya mwaka 2020, na RF 200-800mm f/6.3-9 ya mwaka 2023. Kwa kamera za kioo (DSLR, zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia), Sigma na Tamron wote wana 150-600mm f/5-6.3, na Nikon ana 200-500mm f/5.6, hizi tatu zimetapakaa kwenye soko la mtumba, na kwa anayeanza ni mahali pazuri pa kutafuta.

Karibu zote hizo zina uzito wa kilo 2 hivi. Isipokuwa ile 100-500 ya Canon, ambayo ni kama kilo 1 na gramu 400, na tofauti hiyo utaisikia begani kabla hujaisikia popote pengine. Fanya jaribio hili leo jioni: jaza maji chupa ya lita 2, ishike kwa mkono wa kushoto mbele ya uso wako kana kwamba unalenga, hesabu sekunde 60. Hiyo ni lenzi tu, kamera bado. Kama mkono ulianza kutetemeka kwenye sekunde ya 20, usijilazimishe. Tafuta nyepesi, au panga kutumia monopodi (mguu mmoja wa kuegemeza kamera) tangu siku ya kwanza.

Namba ya f nayo ieleweke. Lenzi ya mm 600 yenye f/4 lazima iwe na kioo cha mbele cha upana usiopungua milimita 150, kwa sababu 600 ukigawanya kwa 4 unapata 150. Ile ya f/6.3 inahitaji milimita 95 tu. Kioo kikubwa hivyo, kilichosuguliwa kwa usahihi huo, ndicho kinachopandisha bei na kufikisha uzito kilo 3 na zaidi. Faida yake ni mwanga: f/4 inapitisha mara mbili ya f/5.6. Kwa mpenzi wa burudani anayetembea kwa miguu, sioni sababu ya kuanzia huko, hata kama pesa ipo.

Upande wa pili kuna lenzi za Canon za RF 600mm f/11 na 800mm f/11, zilizotoka pamoja mwaka 2020. Ile ya 600 haifiki hata kilo moja. Lakini f/11 inapokea robo tu ya mwanga wa f/5.6, kwa hiyo pale ambapo mwenzako anapiga kwa 1/1600 ya sekunde, wewe ISO ikiwa ileile utapiga kwa 1/400. Jua likiwa limewaka, ni lenzi ya kuheshimika. Chini ya miti utasikitika.

Angalia pia umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi. Ile 200-600 ya Sony inaanzia mita 2.4. Sifa hii huandikwa mwishoni mwa orodha na wengi huiruka, ila siku ndege atakapotua kwenye tawi lililo hatua mbili kutoka ulipokaa, ndiyo siku utakayoielewa.

Telekonveta, kile kipande kinachopachikwa kati ya lenzi na kamera ili kurefusha lenzi, iache kwanza. Ya 1.4x inakula stopu moja nzima ya mwanga (yaani mwanga unabaki nusu), ya 2x inakula stopu mbili. Ukiipachika ya 1.4x kwenye lenzi ya f/6.3 unabaki na f/9, fokasi inapungua kasi, na ukali unashuka. Inakwenda vizuri na lenzi zenye uwazi mkubwa. Kwenye zumu za kawaida, sogea.

Hatua ya 3: Kamera

Kwenye ndege, sensa ya APS-C, iliyo ndogo kidogo kuliko ile ya fremu kamili ya milimita 36, si unyonge. Turudi kwa shomoro wetu wa milimita 9. Kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwenye upana wa milimita 36, hivyo ndege anapata pikseli 1500. Kamera ya APS-C yenye megapikseli hizohizo imezibana kwenye milimita 23.5, na ndege yuleyule, kwa lenzi ileile, anapata karibu pikseli 2300. Ndiyo maana watu husema APS-C inarefusha lenzi mara 1.5 (kwa Canon 1.6). Lenzi hairefuki, ndege ndiye anayejaza fremu zaidi. Mfumo wa Micro Four Thirds wa OM System na Panasonic unafika mara 2, na lenzi zake ni nyepesi: ile 100-400mm ya Olympus ni kilo 1 na kidogo. Gharama ya sensa ndogo ni chembechembe kwenye picha mwanga unapofifia.

Fokasi ndiyo sifa ya kulipia. Kamera zisizo na kioo za miaka ya karibuni zinamtambua ndege na kulifuata jicho lake zenyewe, na tangu nianze kutumia moja ya aina hiyo sijatamani kurudi nyuma. Canon EOS R7 ya mwaka 2022 na Nikon Z50II ya mwaka 2024 ni mifano ya APS-C zenye uwezo huo. Kabla ya hapo ulikuwa unashikilia nukta moja ya fokasi juu ya kichwa cha ndege anayekwenda mbio, na nukta ikihama hadi kwenye tawi la nyuma, safu nzima ya picha imepotea.

Pamoja na hayo, kamera ya kioo ya zamani ina kazi bado. Nikon D500 ya mwaka 2016 na Canon EOS 7D Mark II ya mwaka 2014 zote zinapiga picha 10 kwa sekunde, zina miili migumu, na zilitengenezwa hasa kwa vitu vinavyokimbia. Kama pesa ni kidogo, mojawapo ya hizo na zumu ya mtumba itakufundisha vizuri kuliko kamera mpya yenye lenzi fupi.

Jambo moja kuhusu shata ya elektroniki (shata ndiyo inayoamua mwanga uingie kwa muda gani). Kwenye kamera nyingi inasoma sensa mstari kwa mstari, na bawa linalopigwa kwa kasi linatoka limepinda kama mpira uliolainika. Kamera zenye sensa inayosomeka haraka sana, kama Nikon Z8, hazina shida hiyo, na kwa kweli Z8 haina shata ya mitambo kabisa. Kwa kamera za bei ya kawaida, tumia shata ya mitambo kwa ndege anayeruka. Elektroniki ibaki kwa ndege aliyetua ambaye hutaki asikie mlio.

Hakikisha kuna kitundu cha kuchungulia. Kamera yenye skrini ya nyuma peke yake haifai kwa kazi hii: kumtafuta ndege kwa mm 600 mikono ikiwa imenyooshwa mbele ni mateso. Megapikseli 20 hadi 24 zinatosha.

Na wale ambao hamtaki kubadilisha lenzi? Kuna kamera za kipande kimoja. Nikon P950 inafika sawa na mm 2000, na P1000 sawa na mm 3000. Sensa zake ni ndogo mno, hivyo alfajiri na msituni zinakwama. Ila kama shabaha yako ni kumtambua ndege na kuweka kumbukumbu, hiyo ni njia halali na nisingemcheka mtu kwa kuichagua. Sony RX10 IV ina sensa kubwa kuliko hizo na lenzi sawa na mm 24-600, na picha zake ni safi zaidi.

Hatua ya 4: Kagua mtumba kwa macho yako

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa niliumia. Lenzi yangu ya kwanza ya mm 150-600 niliinunua kwa mtu. Nilipiga picha mbili za ukuta kwa karibu, zikatoka kali, nikalipa. Wiki ya kwanza niligundua kwamba kwenye mm 600, upande wa kushoto wa kila picha ulikuwa na ukungu, hata kwa ndege asiyetikisika. Nilipoitazama vizuri chini ya taa nikaona vichwa vya skrubu mbili za mbele vimechubuka: lenzi ilishafunguliwa, na pengine ilishaanguka. Muuzaji hakupokea simu tena.

Tangu hapo nafanya hivi. Nabandika ukurasa wa gazeti ukutani, nasogea mita 15, naweka kamera kwenye tripodi, nafungua lenzi kwa uwazi wake wote na kupiga kwa urefu wake wote. Kisha nakuza picha na kulinganisha kona nne. Maandishi ya kushoto na ya kulia yasomeke kwa ukali unaokaribiana. Upande mmoja ukiwa umelegea sana, irudishe.

Halafu mulika tochi ya simu kutoka upande mmoja wa lenzi ukichungulia kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo ni kawaida na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Ukiziona, ondoka, hata bei ipungue nusu. Zungusha pete ya zumu mwanzo hadi mwisho usikilize kama kuna kukwaruza. Washa kitulizaji cha mtikisiko uone kama taswira inatulia. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi mfululizo, isisite.

Kwa mwili wa kamera, uliza idadi ya picha ambazo shata imeshapiga, kisha piga anga jeupe kwa f/16 na kukagua madoa. Ya vumbi husafishwa. Mikwaruzo haitoki.

Ukinunua kwa mfumo mmoja na kutarajia kuhamia mwingine wa kampuni hiyohiyo, adapta nazo zichunguze. Lenzi za EF za Canon (za kamera za kioo) hufanya kazi vizuri kwenye kamera za R (zisizo na kioo) kwa adapta ya kampuni. Kwa Nikon, adapta ya FTZ, inayounganisha lenzi za kamera za kioo na kamera za Z, haina mota ya ndani, hivyo lenzi za zamani zinazotegemea mota ya kamera hazitafokasi zenyewe.

Hatua ya 5: Vitu vidogo

Monopodi ndiyo ninayoipendekeza kabla ya tripodi. Inabeba uzito huku ukibaki mwepesi wa kugeuka. Tripodi yenye kichwa cha gimbo (kinachoiachia lenzi nzito igeuke kwa wepesi) ni ya mtu atakayekaa sehemu moja asubuhi nzima, mathalani kando ya maji. Kama unapiga ukiwa ndani ya gari, mfuko wa kitambaa uliojazwa nafaka kavu juu ya dirisha unashinda vyote viwili, na unaushona mwenyewe. Mkanda ufungwe kwenye mguu wa lenzi; ukining'iniza lenzi ya kilo 2 kwa mkanda wa kamera, unaupa mzigo wote ule mshikio wa lenzi.

Memori kadi iwe ya kasi. Picha 10 za RAW (faili ghafi za kamera) kwa sekunde, kila moja MB 25, ni MB 250 kila sekunde. Kadi ya V30 inaahidi kuandika angalau MB 30 kwa sekunde, ya V60 inaahidi 60, ya V90 inaahidi 90. Kadi ikizidiwa, kamera inasimama wakati ndege ndiyo kwanza anafungua mbawa. Betri ziwe mbili, kamera isiyo na kioo hula sana.

Filta ya bei rahisi mbele ya lenzi usiiweke. Kofia ya lenzi inatosha kuilinda.

Hatua ya 6: Mipangilio ya siku ya kwanza

Weka kamera kwenye M (unachagua kasi na uwazi mwenyewe), uwazi wa lenzi ukiwa wote, ISO iwe ya otomatiki. Kwa ndege aliyetua anza na 1/1000. Kwa anayeruka, 1/2500 au zaidi. Kitulizaji cha lenzi kinatuliza mikono yako. Ndege hakimtulizi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Usiiogope ISO 3200 au 6400. Chembechembe zinasafishwa na programu, lakini jicho lililovutika kwa mwendo halitengenezeki. Ndege mweusi dhidi ya anga jeupe atatoka kama kivuli usipoongeza mwanga wa stopu moja hivi.

Jifunzie kwa njiwa na bata. Kila siku dakika 20, lengo likiwa moja: kumwona ndege kwa macho, kuinua lenzi bila kuondoa macho kwake, na kumkuta kwenye kitundu. Kwa zumu, anza kwenye mm 200, mpate, kisha vuta.

Na kukaribia ni kazi ya mwili. Nilikuwa na mdiria mmoja aliyependa kijiti kimoja juu ya maji. Siku tatu za kwanza nilimfuata, akaruka kila nilipofika mita 30. Siku ya nne nilikwenda kabla hajafika, nikakaa chini nyuma ya magugu, lenzi juu ya magoti, mita 8 kutoka kwenye kijiti. Alikuja baada ya dakika 40. Nilisikia samaki akigongwa kwenye kijiti, na kwenye picha matone yalionekana yakiwa bado hewani. Lenzi ilikuwa ileile ya siku zote. Kwenye kiota usikae hivyo: mzazi akiacha kulisha kwa sababu yako, umeshakaribia mno, rudi nyuma.

Piga mapema asubuhi. Jua likishapanda, hewa ya moto juu ya ardhi na maji huchezacheza, na picha ya mbali inalegea hata kwa lenzi ya bei kubwa kuliko zote. Watu huirudisha lenzi dukani kwa kosa la hewa.

Hatua ya 7: Kabla ya kununua kingine

Ukishapiga picha 1000, fungua zile zilizoharibika uzipange mafungu manne: mwendo, fokasi iliyokosea, giza, na ndege aliye mbali. Fungu la mwendo likiwa kubwa, ongeza kasi ya shata, hulipi kitu. La fokasi likiwa kubwa na mipangilio umeshairekebisha, hapo kamera mpya ina sababu. La giza linaelekeza kwenye lenzi yenye uwazi mkubwa. La mbali linakutaka kwanza ujaribu kukaa kimya kwenye magugu, kisha ndiyo ufikirie lenzi ndefu.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari nimeshachagua kamera ya kununua. Zaidi ya nusu ya picha zangu mbovu zilikuwa fungu la mwendo, zote zimepigwa kwa 1/500. Nilibaki na kamera yangu miaka miwili zaidi.